Hisabati ya Chuo Kikuu ni Kitu Gani Hasa?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwaka huu mimi nimekuwa nikiuliza swali moja kila nikipata nafasi: wale wanaosomea hisabati katika chuo kikuu, husoma nini hasa? Sisi hapa shuleni tumekwisha kufundishwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Tumefundishwa logi, matriki na hata vipeuo. Sasa kimebaki kipi cha kuhesabu kwa miaka minne mizima? Wenzangu wengi hudhani ni hesabu hizi hizi zetu, ila ndefu zaidi na zenye nambari kubwa kubwa. Wengine husema ati ni adhabu ambayo mtu hujitakia mwenyewe. Katika makala haya nitaeleza niliyoyapata, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tulio bado katika sekondari.

Kwanza, hapa kwetu Bondo chuo kikuu si hadithi ya mbali. Kiko pale kando ya barabara ya kwenda Usenge: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga. Zamani mahali hapo palikuwa chuo cha kufundishia walimu. Mwaka wa 2009 pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Maseno, na mwaka wa 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Humo hufundishwa hisabati, hufundishwa aktuaria, yaani hesabu za bima na malipo ya uzeeni, na hufundishwa walimu watakaokuja kufundisha hisabati katika shule kama yetu. Wanafunzi wake ni majirani zetu. Hupanga vyumba kwetu, na jioni hununua omena na sukuma wiki sokoni pamoja nasi.

Katika ploti tunayoishi mna wapangaji wawili wanaosomea ualimu wa hisabati. Siku moja mmoja wao alinionyesha daftari lake. Nilifungua ukurasa, nikafungua mwingine, nikashangaa. Nambari zilikuwa chache mno! Kulikuwa na herufi A iliyopinduliwa kichwa chini, herufi E iliyogeuzwa ikatazama nyuma, herufi za Kiyunani, na maneno mengi kama "chukulia kwamba" na "kwa hivyo". Nikamwuliza, "Kaka, mbona hesabu zenyewe sizioni?" Akacheka akasema, "Hizi ndizo hesabu zenyewe."

Basi hebu tuanze na tofauti iliyopo kati ya mtihani wetu na wao. Mtihani wa hisabati wa KCSE una karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu. Katika kila karatasi kuna maswali 16 ya lazima, kisha unachagua maswali 5 kati ya 8. Maswali mengi hutuambia "tafuta" au "kokotoa". Jibu limefichwa, nasi twalitafuta. Katika chuo kikuu maswali mengi husema "thibitisha kwamba". Hapo jibu limekwisha kutolewa! Halina haja ya kutafutwa. Kazi ya mwanafunzi ni kueleza kwa nini jibu hilo ni la kweli, tena aeleze kwa namna ambayo hata mtu mbishi kupita wote hatapata pa kupingia.

Najua msomaji mmoja atasema, "Lakini nikijaribu mara nyingi na kila mara inatoka sawa, si hiyo yatosha?" La hasha! Haitoshi, na mfano ni huu. Katika karne ya 18 mwanahisabati Leonhard Euler wa Uswisi alionyesha jambo la ajabu kuhusu nambari 41. Chukua nambari yoyote, uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe nambari hiyo hiyo, kisha ujumlishe 41. Ukianza na 1 unapata 43. Ukianza na 2 unapata 47. Ukianza na 3 unapata 53, na 4 inakupa 61. Zote hizo ni nambari tasa, yaani haziwezi kugawanywa na chochote isipokuwa 1 na zenyewe. Endelea na 5, 6, 7, hadi 39. Zote ni tasa! Mtu aliyejaribu mara 39 bila kukosea hata mara moja ana haki ya kupiga kifua. Lakini jaribu 40. Arobaini mara arobaini ni 1,600. Jumlisha 40, jumlisha 41, unapata 1,681. Kumbe 1,681 ni 41 mara 41! Si tasa tena.

Mnaona? Mifano 39 ilisema ndiyo, na wa 40 ukasema la. Ndiyo maana chuoni hawaridhiki na mifano hata iwe milioni. Wanataka sababu. Mifano hukuambia kwamba jambo huenda likawa kweli. Uthibitisho hukuambia kwamba haliwezi kuwa vinginevyo.

Sasa nitatoa uthibitisho mmoja kamili, tena kwa Kiswahili, ili msiseme nasifia mzigo nisioubeba. Sisi wa kidato cha tatu tumefundishwa mada ya vipeuo visivyokatika, kama kipeuo cha pili cha 2. Kikokotoo huandika 1.41421356 na kuishia hapo kwa kuwa kioo kimejaa. Tuliambiwa nambari hii haiwezi kuandikwa kama akisami, nasi tukaandika hivyo daftarini. Lakini ni nani ajuaye kwamba haiwezi? Pengine kuna akisami fulani yenye tarakimu elfu moja juu na elfu moja chini, ambayo bado haijapatikana.

Wayunani walilijibu swali hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na njia ni hii. Tujifanye kwamba akisami hiyo ipo. Tuirahisishe mpaka mwisho, kusiwe na nambari inayoweza kugawanya ya juu na ya chini kwa pamoja. Ya juu tuiite J, ya chini tuiite C. Kwa kuwa J kwa C ni kipeuo cha pili cha 2, basi J mara J ni sawa na mara mbili ya C mara C. Kitu kilicho mara mbili ya kingine ni shufwa. Kwa hivyo J mara J ni shufwa. Lakini witiri mara witiri daima ni witiri: 3 mara 3 ni 9, 5 mara 7 ni 35, na sababu yake nawaachia. Basi J haiwezi kuwa witiri. J ni shufwa, yaani ni mara mbili ya nambari nyingine, tuiite K.

Sasa tuweke K mahali pa J. Mara mbili ya K, mara mbili ya K, ni nne mara K mara K. Hiyo ni sawa na mbili mara C mara C. Gawanya pande zote kwa mbili, utapata kwamba C mara C ni mara mbili ya K mara K. Hiyo ni shufwa tena! Kwa hivyo C nayo ni shufwa. Lakini ngoja kidogo. J ni shufwa na C ni shufwa, basi zote mbili zagawanyika kwa 2, na sisi tulisema tumeirahisisha akisami hadi mwisho. Tumejikuta tukisema mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Kosa halikuwa katika hatua zetu. Kosa lilikuwa pale mwanzo, tulipojifanya kwamba akisami hiyo ipo. Basi haipo, wala haitapatikana leo, kesho wala mtondo.

Rudia kusoma aya hizo mbili polepole, ukiwa na kalamu. Hakuna jambo hata moja ndani yake ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza halijui. Shufwa, witiri, kugawanya kwa mbili, basi! Ila zimepangwa kwa namna ambayo hatujazoea kupanga mawazo yetu. Hapo ndipo ugumu wa hisabati ya chuo kikuu ulipo.

Jambo la pili wanalokutana nalo huko ni lugha. Nilisema niliona A iliyopinduliwa na E iliyogeuzwa. Nilielezwa kwamba A hiyo husomwa "kwa kila", na E hiyo husomwa "kuna" au "ipo". Waweza kusema mambo gani hayo ya kitoto. Lakini sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunajua kwamba mpangilio wa maneno hubadilisha maana. Sema "kwa kila mwanafunzi kuna kiti", mwalimu mkuu atafurahi. Sasa sema "kuna kiti ambacho kila mwanafunzi amekikalia". Maneno ni karibu yale yale, lakini sasa shule nzima imerundikana juu ya kiti kimoja! Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huanguka hapo hapo. Huchanganya "kwa kila" na "kuna", na uthibitisho wote huporomoka.

Mahali lugha hiyo inapotumika zaidi ni katika somo liitwalo uchanganuzi, ambalo ni kama msingi wa kalkulasi. Tuchukue mashua inayotoka Usenge kwenda kisiwa cha Mageta. Tuseme katika hatua ya kwanza inakata nusu ya safari. Hatua ya pili inakata nusu ya sehemu iliyobaki, ya tatu nusu ya iliyobaki tena, na kadhalika. Je, itafika Mageta? Mmoja atasema haifiki kamwe, kwa sababu kila mara kuna nusu inayobaki. Mwingine atasema inafika, kwa sababu mwishowe kinachobaki hakionekani kwa macho. Mabishano ya namna hii yalidumu miaka mingi sana.

Wanahisabati waliyamaliza kwa kuyageuza yawe kama mchezo wa watu wawili. Wewe nitajie umbali wowote mdogo kutoka Mageta, na mimi nikutajie hatua ambayo baada yake mashua haitakuwa mbali kuliko hapo. Ukisema sehemu moja ya elfu ya safari, nitakuambia hatua ya 10, maana kilichobaki ni 1 kwa 1,024. Ukisema sehemu moja ya milioni, nitakuambia hatua ya 20. Kwa kila umbali utakaotaja, kuna hatua nitakayokujibu. Huwezi kunishinda. Tukisema mashua "inakaribia" Mageta, maana yake ni hiyo tu, wala hatuhitaji kubishana kama inagusa ufuo au haigusi.

Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani waliibuni kalkulasi katika karne ya 17. Lakini maelezo safi kama ya mchezo huu yalikuja katika karne ya 19, kwa kazi ya Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa na Karl Weierstrass wa Ujerumani. Yaani mabingwa wenyewe waliitumia zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuweza kueleza vizuri kwa nini inafanya kazi! Sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutarajiwa kuyaelewa hayo katika muhula mmoja. Akikwama asidhani kwamba ni mjinga.

Je, hayo yote hufundishwa vipi? Njia ya kawaida ni mhadhara. Mhadhiri huingia katika ukumbi wenye wanafunzi wengi, wakati mwingine mamia, akaandika ubaoni na kueleza, nao wakanakili. Kisha huwapa maswali ya kufanyia nyumbani. Kuna majaribio katikati ya muhula na mtihani mwisho wake. Taabu yake ni moja: mhadhiri mmoja hawezi kusahihisha madaftari mia tatu kila wiki. Mwanafunzi hufanya zoezi akaliweka, asijue kama ni sahihi hadi siku ya mtihani. Hapo maji yamekwisha mwagika.

Jirani zetu wa Maseno wamejaribu dawa ya tatizo hili. Mwaka wa 2019 Chuo Kikuu cha Maseno kilianza kutumia programu ya kompyuta iitwayo STACK, iliyoanzishwa na Chris Sangwin, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu huko Uingereza. Programu hii humpa kila mwanafunzi swali lenye nambari zake, tofauti na za mwenzake, kwa hivyo kunakili hakumsaidii mtu. Mwanafunzi akiandika jibu, mashine hulipima mara hiyo hiyo. Inajua kwamba x jumlisha 1 ni sawa na 1 jumlisha x. Aidha, yaweza kumwambia amekosea wapi, naye akarudia mpaka aelewe. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mashine haipendi kusoma hadithi ndefu. Uthibitisho kama ule wa J na C bado unataka msomaji mwenye macho na akili, aseme, "Hapa nimekubali, na hapa hujanishawishi."

Kuna njia nyingine iliyopata sifa huko Marekani katika karne ya 20. Robert Lee Moore wa Chuo Kikuu cha Texas hakuwapa wanafunzi wake kitabu wala maelezo marefu. Aliwapa maana za maneno na kauli za kuthibitisha, kisha akawaita ubaoni mmoja mmoja. Wenzao ndio waliokuwa mahakimu. Kutoka darasani mwake walitoka wanahisabati mashuhuri. Ila Moore alikuwa mbaguzi, akakataa kuwafundisha wanafunzi weusi. Mimi naona tunaweza kuichukua njia yake nzuri na kuuacha ubaya wake pale pale Texas.

Tena njia hiyo si ngeni kwetu. Jioni wale wapangaji wetu hukaa verandani na kubishana juu ya uthibitisho mmoja hata saa nzima. Huanza kwa Kiingereza cha mhadhiri. Wanapokwama, huhamia Kiswahili, na wakikwama zaidi utawasikia wanamaliza kwa Kijaluo. Kisha mmoja husema, "Ahaa!" na Kiingereza hurudi ili jambo liandikwe. Nimejifunza kutokana nao kwamba mtu hajaelewa mpaka aweze kulisema jambo kwa lugha anayotumia kuuliza chumvi. Wanasema pia kwamba ukurasa mmoja wa kitabu cha hisabati waweza kuchukua siku mbili, na kwamba kukariri uthibitisho bila kuelewa ni kama kubeba maji kwa tenga.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengine watasema, "Mimi sitasomea hisabati, haya yananihusu nini?" Yanakuhusu kwa sababu walimu wetu wa hisabati hutoka huko huko. Mwanafunzi wa chuo anayekariri ili apite, bila kupata "kwa nini", ndiye kesho atakayesimama mbele ya kidato cha kwanza. Naye atafundisha kanuni bila sababu, kwa kuwa sababu hakupewa au hakuitafuta. Wanafunzi wake nao watakariri. Watakaofaulu wataingia chuo kikuu wakidhani hisabati ni kukariri, watashtuka kuona neno "thibitisha", na gurudumu litazunguka tena. Ukitaka kujua kwa nini wengi wetu huogopa somo hili, sehemu moja ya jibu iko hapo.

Gurudumu hilo laweza kusimamishwa kutoka upande wowote, hata upande wetu. Sisi wa kidato cha tatu ndio kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, nasi tutafanya KCSE mwaka wa 2027. Vitabu vitabadilika na majina ya madarasa yatabadilika, lakini 41 mara 41 itabaki 1,681. Nasihi yangu ni kwamba mwalimu akitupa kanuni, tumwombe kwa heshima dakika tano za sababu. Walimu wetu wapendwa, nanyi msituone wasumbufu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuko tayari kuinama.

Kabla ya kuweka kalamu chini, nawaachia kazi. Kusanyeni vifuniko vya soda. Wekeni 1. Ongezeni 3, mpate 4. Ongezeni 5, mpate 9. Ongezeni 7, mpate 16. Kila mara mkiongeza witiri inayofuata, idadi yote hupangika ikawa mraba kamili, mbili kwa mbili, tatu kwa tatu, nne kwa nne. Je, itakuwa hivyo daima, au kuna siku itatuangusha kama ile 40 ya Euler? Vipangeni vifuniko sakafuni na mtazame vile vipya vinakaa upande gani wa mraba wa zamani. Atakayepata sababu aje nayo katika mkutano wa chama, aieleze kwa Kiswahili, na sisi wengine tutakuwa mahakimu.